Shangazi, akaunti inayomtukana wifi yangu usiku ni ya mume wangu

Shangazi shikamoo. Jina langu usiliweke, mji unaweza kuutaja, niko Dundee, Uskoti, mwaka wa 17 huu, kwetu Tanga, Pongwe. Nimeolewa na Mskoti. Hii naandika niko kazini zamu ya usiku, nafanya kwenye nyumba ya kutunza wazee, kengele ikilia naenda narudi kwa hiyo ukiona nimeruka ruka nivumilie.

Mume wangu ni mtu mzuri, nianze na hilo. Tulivyokutana aliniambia bibi yake alifanya kiwanda cha jute, zile nyuzi za magunia, hapa hapa Dundee, enzi hizo nusu ya mji ilikuwa inasokota jute kutoka Bengal, mi nikamwambia babu yangu alikata mkonge, basi tukacheka tukasema kumbe wote wajukuu wa magunia na kamba. Shida yake moja, usimwite Muingereza. Mama yangu kule Tanga mpaka leo akipiga simu anauliza "mkwe wangu Muingereza hajambo?" na mi sitafsiri, nasema tu anakusalimia. Maana sisi kwa Kiswahili ni Uingereza tu yote hiyo, England humo, Uskoti humo, Wales humo, huku ukisema hivo mtu anavimba siku mbili.

Sasa yeye na dada yake, yani wifi yangu, walikuwa pete na chanda. Ikaja kura ya maoni 2014, tarehe 18 Septemba, swali moja tu, Uskoti iwe nchi huru, ndiyo au hapana. Mume wangu Ndiyo toka utotoni. Wifi anakaa Edinburgh, ana mkopo wa nyumba, anawaza pensheni na pauni itakuwaje, akapiga Hapana. Baba yao Ndiyo. Mama yao hajasema mpaka leo alipiga nini, ukimuuliza anakuuliza kama unataka chai. Huku Dundee Ndiyo ilipata asilimia 57, wakauita mji wa Ndiyo, lakini nchi nzima Hapana ikashinda 55 kwa 45. Asubuhi yake nilimkuta mume wangu jikoni anamwaga machozi kimya kimya huku anapaka mkate siagi, na ule mkate hakuula.

Ila bado walikuwa wanakaa meza moja. Wanabishana, wanapandishiana sauti, halafu mmoja anaosha vyombo mwingine anafuta. Baba yao alifariki mwaka uliofuata. Alikuwa na beji yake ya Ndiyo kaibandika kwenye nguo ya hospitali, manesi wakaiacha. Mume wangu alikuwa anafanya kwenye mitambo ya mafuta Bahari ya Kaskazini, wiki mbili baharini wiki mbili nyumbani, bei ya mafuta ilivyoanguka akapunguzwa, mwanzo wa 2016. Siku hizo hizo wifi aliweka posti ya utani kwamba tungejitenga saa hizi tungekuwa tunakula mawe na hayo mafuta yetu, hakujua kaka yake kapata barua. Ila hiyo ya zamani, haikuongelewa tena. Juni ikaja kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, Uskoti asilimia 62 walitaka kubaki na wifi naye alipiga kubaki, mume wangu akampigia simu akamwambia si nyie mlituambia tukijitenga ndo tutatoka Ulaya, haya mmetutoa wenyewe. Wifi akakata simu. Tangu hapo ni salamu za Krismasi tu.

Sa hivi mume wangu yuko gereji, hela si ile ila tunakula. Akirudi anakula, anakaa na simu mpaka saa saba, saa nane usiku.

Wiki tatu zilizopita wifi kaja kwangu, anajua mume wangu hayupo, akafungua simu akaanza kunionyesha skrinshoti huku analia. Kuna akaunti inamfuata miezi nane. Picha yake ni yule ng'ombe wa milimani mwenye nywele zinaziba macho, jina lina 45 mwishoni kama wanavyoweka wengi wa upande wa Ndiyo tangu ile asilimia 45. Akiandika chochote, hata picha ya keki, ng'ombe katokea. Inamwita msaliti, inamwita "yoon", ndo tusi lao kwa watu wa muungano, wanaotaka Uskoti ibaki Uingereza, na wale wa uhuru wanaitwa "cybernat", majina hayaishi huku. Alikuwa anavumilia. Mpaka juzi juzi ikamwandikia: baba yako kafa na beji yake kifuani na wewe ulikuwa umemshika mkono huku unajua ulishamuuza.

Wifi anatetemeka, ananiambia huyu mtu kajuaje beji. Anahisi ni nesi wa zamani wa pale hospitali, kuna mmoja walikorofishana nae kidogo, anataka kwenda polisi amtaje. Shangazi, chumba kile wakati ule tulikuwa wanne. Mama mkwe, wifi, mume wangu na mimi. Wifi anawaza nesi. Mi sikuwaza nesi hata dakika moja.

Usiku nikachukua tableti ya mtoto ambayo baba yake huwa anaazima. Akaunti iko wazi. Ng'ombe huyo.

Na nikiri jambo. Mwaka jana alikuwa ananisomea kitandani anavyowachapa watu mtandaoni, na mi nilikuwa nacheka, sikujua wanaochapwa ni nani. Nyingine, niliwahi kuandika komenti mara moja tu kwenye ukurasa wa mambo ya mji wetu, nikasema haya mambo hata kwetu yapo, Zanzibar ina serikali yake Tanganyika haina, Uskoti ina bunge lake England haina, na watu tunaishi hatujauana. Mmoja wa muungano akanijibu rudi kwenu. Mmoja wa uhuru akanijibu watu kama nyie ndo mlitunyima nchi 2014. Nikafuta. Mume wangu alinitetea siku ile mpaka usiku wa manane, sa hivi najiuliza alinitetea kwa akaunti ipi.

Mama mkwe anatimiza 80 mwezi ujao na wote watakuwepo. Nimwambie wifi? Nikimwambia nimebomoa nyumba yangu kwa mkono wangu. Nikinyamaza akaenda polisi je? Na mi mtu wa kuja, haya mambo yananihusu kweli? Mwanangu ana 15, akifika 16 anaruhusiwa kupiga kura ya bunge la Edinburgh, na kashaanza kuongea kama baba yake.

Mke wa Ng'ombe, Dundee

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hilo jina ulilojipa limenichekesha peke yangu alfajiri mpaka paka akashtuka, halafu nikakusoma tena mara ya pili na ya tatu na kicheko kikaisha.

Nianze na la mwisho maana jepesi. Linakuhusu. Kura ile ya 2014 ilikwenda kwa makazi, si kwa damu, Mskoti wa baba na babu aliyekuwa anaishi London hakupiga na wewe wa Pongwe ulipiga, kwa sababu ulikuwa unakaa pale kihalali na wewe ni mtu wa Jumuiya ya Madola. Walitunga hivo wenyewe, Edinburgh na London wakakubaliana. Kwa hiyo huyo aliyesema mliwanyima nchi akazungumze na waliotunga sheria. Na Waziri Kiongozi wao wa 2023 mpaka 2024, Humza Yousaf, baba yake katoka Pakistan na mama yake kazaliwa Kenya, na ndiye aliyekuwa anaongoza chama cha kudai uhuru. (Namwita Waziri Kiongozi kwa sababu Zanzibar tulikuwa nae wetu mpaka 2010, cheo nakijua.) Ulipiga nini sikuulizi. Fanya kama mama mkwe, niulize kama nataka chai.

Ila hapo kwenye "hatujauana" mwanangu nakusahihisha, na nakusahihisha kwa upole kwa sababu Tanga ni ng'ambo tu ya maji na mngeweza kusikia. Mimi wa Wete. Januari 2001 watu walipigwa risasi Pemba na Unguja kwa maandamano ya uchaguzi, wengine wakapanda mashua wakakimbilia Shimoni, Kenya. Hao Waskoti wako, pamoja na kelele zao zote, mwaka ule mzima wa kampeni tukio lililotangazwa dunia nzima ni mwanasiasa mmoja wa Hapana, Jim Murphy, kurushiwa yai pale Kirkcaldy akiwa kasimama juu ya makreti ya soda. Yai! Na vurugu za siku moja uwanja wa George Square, Glasgow, baada ya matokeo. Uchafu wao ulikuwa kwenye simu. J.K. Rowling katoa pauni milioni moja kwa upande wa Hapana, akatukanwa matusi ya nguoni. Andy Murray wa tenisi kaandika asubuhi ya kura kuonyesha yuko na Ndiyo, naye akatukanwa, na wengine wakamrushia mambo ya Dunblane, ule mji wake ambao watoto waliuliwa shuleni, naye alikuwa mwanafunzi pale. Kwa hiyo hakuna upande wenye mikono misafi, mumeo akikuambia "wao ndo walianza" we mwambie Shangazi kasema anajua, wote walianza.

Sasa nikueleze kilichotokea kwetu, halafu utaelewa kwa nini nakushauri ninavyokushauri.

Baada ya uchaguzi wa 1995 Pemba tuligawana kila kitu. Duka la CCM, duka la CUF. Gari hili wanapanda hawa, lile wanapanda wale. Maiti inapita, wewe unaangalia kwanza ni ya nani ndo unaamua kama unabeba jeneza. Usidhani natia chumvi, muulize yeyote wa umri wangu. Mimi nilikuwa na kaka wawili, mmoja huku mmoja kule, nyumba zao zimegusana ukuta. Yule mkubwa akaanza kukuta vikaratasi chini ya mlango asubuhi. Havina jina. Vinamwita kibaraka, vinamwita mla rushwa, na kimoja kikasema jambo la deni ambalo marehemu baba alimlipia kwa siri, jambo ambalo nje ya nyumba yetu halijulikani. Kaka mkubwa akawa anamshuku jirani mmoja muuza samaki, akawa hamsalimii, akatangaza mpaka msikitini kwamba yule bwana anatambaa usiku. Yule muuza samaki masikini hata kuandika hakujua.

Mama yetu aliviomba vile vikaratasi aviangalie. Alisoma chuo cha Kurani tu lakini mkono wa mwanawe aliujua, alivyokuwa anakata herufi. Hakumwambia kaka mkubwa. Hakuita wazee. Siku ya Ijumaa alimwita yule mdogo aje kula, akampakulia wali na samaki, halafu kwenye sinia pembeni ya bakuli la mchuzi akaweka kile kikaratasi cha deni la baba. Akamwambia, mwanangu macho yangu siku hizi hayaoni, nisomee hii.

Mwanangu, yule alikuwa mwanaume wa miaka 40. Akafika mstari wa pili akashindwa.

Ndo nakwambia ufanye hivo. Usimwendee kwa kelele, usimwendee na "nimekukamata", na usimwendee usiku wakati simu iko mkononi mwake, saa ile sio mumeo ni ng'ombe. Chagua mchana, mtoto hayupo. Mpakulie chakula. Chukua ile skrinshoti ya beji, iweke mezani, mwambie nisomee kwa sauti. Asome ile ile alivyoiandika, kwa Kiingereza chake, mbele ya mtu ambaye alikuwa chumba kile. Ukimaliza hapo unyamaze. Kunyamaza kutakuwa kugumu maana nyie watu wa Tanga kwa maneno mnajulikana, lakini jikaze.

Najua atakwenda kwenye siasa, maana ndiko kuna pa kujificha. Atasema anatetea nchi. Hapo usibishane nae, kuitaka Uskoti huru si kosa, karibu nusu ya wenzake wanataka na wana hoja zao, kama dada yake alivyokuwa na hoja zake za pauni na mkopo. Mimi mwenyewe siwezi kumlaumu Mskoti aliyechoka kutawaliwa na serikali ambayo kwao haikupata kura, nimezaliwa kisiwani mwanangu. Na nikuongezee kitu ambacho nadhani ndo kinawala watu wa huko: njia imeziba. Novemba 2022 Mahakama ya Juu kule London ilisema, majaji wote sauti moja, kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya bunge la Westminster, lile la Uingereza nzima, na Westminster haitoi. Sasa mtu ana hasira ya miaka na hana sanduku la kuitia. Anaitia kwenye simu. Hii namwelewa kabisa, mpaka hapo niko nae. Ila dada yake sio Westminster.

Na sasa nije kwenye kitu ambacho wewe umekiandika kwa mstari mmoja na nusu ukapita, ukasema "hiyo ya zamani, haikuongelewa tena." Mimi pale nilisimama. Mtu kapoteza kazi ya baharini, kazi ambayo ndo ilikuwa uanaume wake, wiki hiyo hiyo anafungua simu anakuta dada yake wa toka nitoke anachekesha watu kwamba mafuta yenu mtakula mawe. Hesabu za kampeni ya Ndiyo zilikuwa zinasimama juu ya mafuta kuuzwa dola 110 na ushei kwa pipa, na mwanzo wa 2016 pipa likashuka mpaka chini ya dola 30. Kwa hiyo siku ile alichekwa mara mbili, ndoto yake imechekwa na mfuko wake umechekwa, na aliyecheka hakujua, na asiyejua huwezi kumdai radhi mpaka umwambie, na yeye hakumwambia. Baba yake ndo kwanza alikuwa kazikwa. Akameza. Miaka yote hii! Mwanangu hiyo akaunti haikuzaliwa na 45 wala 55, hiyo akaunti ilizaliwa siku ya ile barua, ng'ombe ni ngozi tu kavaa.

Hii haimsafishi. Alichomwandikia dada yake kuhusu kufa kwa baba yao ni kibaya, kibaya kuliko tusi lolote la "yoon", kwa sababu ni kutumia maiti ya baba kama fimbo. Lakini ukitaka kuongea nae baada ya kusoma na kunyamaza, usiongee ya uhuru. Muulize kuhusu ile wiki. Muulize kama wifi anajua.

Halafu mwambie kwamba yeye ndo atamwambia dada yake, kwa mdomo wake. Sio wewe. Ukienda wewe kwa wifi leo, utakuwa umeleta habari, na mleta habari huko kwenye familia za watu huwa habaki mtoto wa nyumba, hasa akiwa kaolewa kutoka mbali. Mpe siku, sema Jumapili hii. Si "ukipata nafasi", siku yenye jina.

Kwa nini nakaza na siku? Kwa ajili ya yule nesi. Umeandika habari zake kama mpita njia, lakini kuna mwanamke au mwanaume mahali hapo Uskoti anakwenda kazini asubuhi hajui kwamba jina lake linataka kupelekwa polisi kwa jambo ambalo hakufanya. Wewe mwenyewe unatunza wagonjwa na wazee, unajua tuhuma kama ile inafanya nini kwenye kazi ya mtu. Kwa hiyo siri hii huna haki ya kuikalia mpaka sherehe ipite. Jumapili ikipita mumeo hajasema, unamwambia kesho yake namwambia mimi, na kesho yake unamwambia wewe, na hapo nyumba hukuibomoa wewe. Na wifi akikupigia kabla ya hapo anasema yuko njiani kwenda kumtaja nesi, mwambie "subiri, sio nesi, nipe siku mbili." Atajua hapo hapo, sijifanyi. Lakini ni afadhali.

Na kweli huko kuna sheria, ile ya mawasiliano ya 2003, kutuma ujumbe wa vitisho au wa matusi makubwa ni kosa la jinai na watu wameshapelekwa mahakamani. Mumeo hajatishia kuua mtu, kwa ulivyonieleza, lakini miezi nane ya kumwandama mtu mmoja polisi hawaiiti utani. Hili usilitumie kumtisha mezani. Liache mfukoni. Akianza kusema "maneno ya mtandaoni tu hayo" ndo ulitoe.

Ya kwako wewe ya kucheka kitandani, umeikiri, imetosha, mimi sina sabuni ya zaidi. Ila mwambie na yeye. Anadhani ulikuwa unamshangilia, na ulikuwa unamshangilia, sasa aone mshangiliaji wake kaondoka uwanjani.

Akaunti afute, na afute yeye, na kabla hajafuta wifi aione mara moja akitaka, ni haki yake kuona kwamba imeisha kweli. Asihamie nyingine yenye picha ya kondoo. Akitaka kuandika siasa aandike kwa jina lake na sura yake na dada yake ajue anabishana na nani, mbona 2014 walibishana mpaka usiku na vyombo vikaoshwa.

Kuhusu kulinganisha muungano wetu na wao, mengine tuyaongee siku nyingine maana ni marefu, na wewe mtoto wa Tanganyika na mimi mtoto wa visiwani hatutamaliza. Nitasema hili tu kwa sababu linanichekesha: mwaka ule ule wa 2014 wao wakipigia kura ya kwao, sisi tulikuwa Dodoma na Bunge Maalum la Katiba tunagombana serikali mbili au tatu, rasimu ya Jaji Warioba inasema tatu, wapinzani wakatoka nje. Na Mwalimu alisoma Edinburgh, kamaliza 1952, miaka 12 baadae katuletea muungano ambao mdogo ana serikali yake na mkubwa hana, na huko alikosoma bunge la Waskoti lilikuwa halijarudi, limerudi 1999. Sisemi aliwanakili wala wao wamemnakili. Nasema tu dunia ndogo.

Kaka zangu unataka kujua. Hawakupatana ile Ijumaa. Yule mdogo alikwenda kwa mwenzake baada ya siku tisa, wakafungiana ndani, tukasikia sauti zinapanda, mama akatukataza kusogea. Kwa muuza samaki walikwenda wote wawili kuomba radhi, naye aliwachapa maneno wakayala yote. Vyama hawakubadilisha hata mmoja. Novemba 2009 wakubwa wao, Karume na Maalim Seif, wakakaa chini wakaongea, na Julai 2010 tukapiga kura ya maoni yetu ya serikali ya umoja, asilimia 66 wakasema ndiyo, kaka zangu walikuwa wameshaanza kuazimana baiskeli zamani sana kabla ya hapo.

Sherehe ya mama mkwe, kama mumeo amesema kabla, mwacheni wifi aamue mwenyewe kama anakuja, msimlazimishe kwa ajili ya picha. Akija na asiongee nae, sawa. Wewe kaa jikoni karibu na mama mkwe. Kuna kitu nakishuku na sitaki kukwambia ni kweli maana simjui: mlikuwa wanne chumba kile, na wewe ulijua bila kuuliza. Yule bibi wa miaka 80, mwenye kujibu kila kitu kwa chai, wifi keshamwonyesha hizo skrinshoti? Kama kamwonyesha, basi kuna mtu wa pili anayelala na siri hii, na ni mzazi. Mchunguze kwa upole.

Kijana wako mwache na siasa zake, 15 ni umri wa kuongea kama baba. Ila siku baba yake atakapokuwa anarudi kwa dada yake kuongea, aende na huyo kijana kwa gari au treni, kijana akae nje asubiri.

Haya, Jumapili. Niandikie alisoma mpaka mstari wa ngapi.